Mpishi wa Nyanda

Tonge lilikuwa limefika hadi midomoni mwa Nyanda, naye hakufungua kinywa. Shangazi Kabula akangoja. Alidhani labda bado anatafuna kitu, au ameona haya mbele ya watoto, akalisogeza tena kidogo: ugali mweusi wa mtama mpya, umechovywa kwenye nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga na kutiwa pilipili, wa moto, unanukia ua zima. Nyanda akageuza uso pembeni.

"Nimeshiba, shangazi," akasema.

Ameshiba! Jamani, mtu ameshiba nini siku ya mtama mpya? Katika ukoo wao mtama wa mwaka haukuliwa na yeyote mpaka dada wa marehemu baba yao aupike kwanza, kisha awalishe watoto wa kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, akianza na mkubwa. Ngassa, kaka yake Nyanda, alikuwa ameshalishwa na bado alikuwa anajilamba. Wanaosali na wasiosali wote walikula, maana hakuna mchungaji aliyewahi kuona dhambi katika tonge la ugali. Na sasa Nyanda, mtu mzima mwenye mke na watoto, mwanakwaya, amemkatalia bibi yule mbele ya watu. Kabula alilirudisha lile tonge kwenye sahani, akanawa mikono taratibu, akaingia ndani.

Afadhali ingeishia hapo. Baadaye mke wa Ngassa alipita nyuma ya ghala akamkuta shemeji yake amechuchumaa peke yake, anakula viazi kutoka kwenye chombo cha plastiki alichokuja nacho kutoka nyumbani kwake. Alichokiona hakukaa nacho. Kabla jua halijazama, kijiji kizima cha Nkololo kilikuwa kinajua kwamba Nyanda amekwenda kwa shangazi yake na chakula chake mkononi.

Ukweli wake ulikuwa mdogo tu na wa aibu. Nyanda alikuwa na vidonda vya tumbo. Vilimwanza kama kiungulia, vikaja kama njaa isiyoshibishwa, mwisho vikawa moto unaomwamsha alfajiri na kumkunja kitandani. Hospitali mjini Bariadi walimpima wakakuta vijidudu, wakampa dawa za wiki mbili na maelezo ya chakula. Akazianza vizuri. Zilimwachia uchungu mdomoni na kichefuchefu, na siku alipokuwa anatafuta maji ya kumezea stendi ndipo alipokutana na Precious.

Precious alikuwa na meza yake chini ya mwavuli, na mdomo uliokuwa haupumziki. Aliuza virutubisho: makopo ya unga wa kijani, kila kopo na picha ya familia inayocheka. "Kaka yangu, hizo dawa unazokunywa ndizo zinazochoma tumbo," alimwambia kwa huruma kubwa. "Weka pembeni. Huu ni chakula, siyo dawa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni." Kisha akamhesabia miiko. Pilipili marufuku. Maharage marufuku. Chai ya rangi, limau, maziwa mgando, nsansa, ugali wa mtama, vyote marufuku. Na chakula cha nyumba ya watu asikiguse kabisa, kwa kuwa hajui wametia nini.

Nyanda aliyashika yale masharti kama katekisimu. Dawa za hospitali akazifungia kwenye mfuko wa nailoni, akazisahau juu ya kabati. Msimu wa kuchuma pamba ulipofika na mgongo ukaanza kumsumbua kwa kuinama kutwa, alinunua vidonge vya maumivu dukani akawa anavimeza na tumbo tupu, kwa kuwa Precious hakusema chochote kuhusu vidonge vya mgongo. Kuhusu tumbo lake hakumwambia mtu zaidi ya mkewe, Milembe. Alikuwa mtu wa kubeba gunia la pamba begani peke yake. Atawaambiaje wenzake kwamba anashindwa na ugali?

Siku chache baada ya ile sherehe ya mtama, akiwa katikati ya shamba, alitapika damu. Siyo kidogo, damu nyingi, nyeusinyeusi, juu ya pamba nyeupe aliyokuwa ameichuma mwenyewe. Milembe akapiga yowe. Aliyefika wa kwanza ni Ngassa, akambeba mdogo wake mgongoni mpaka kwenye pikipiki, na walipofika hospitali shati la Ngassa lilikuwa limelowa damu isiyokuwa yake.

"Ulipewa dawa za wiki mbili," daktari alimwambia Nyanda alipopata nguvu ya kusikiliza. "Ulimaliza?"

"Nilianza vizuri, daktari."

"Sikuuliza ulianzaje."

Nyanda akamweleza yote, habari ya unga na habari ya vidonge vya mgongo. Daktari aliposikia vidonge vya mgongo alifumba macho kidogo. "Hivyo ndivyo vilivyokutoboa," akasema. "Unga wako ukitaka kula, kula, sijui kama una ubaya. Chakula laini nacho kinasaidia, tumbo linapumzika. Lakini vijidudu haviondoki kwa kususia pilipili. Dawa unazimaliza safari hii. Na ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni damu, usingoje kesho. Njoo."

Yote haya yangeeleweka kama Ngassa angekuwepo. Ngassa alikuwa nje anafua shati lake. Aliporudi aliketi kando ya kitanda, akamsogelea mdogo wake mpaka pumzi zao zikakutana.

"Niambie mimi tu," alinong'ona. "Ulijua, siyo? Ndiyo maana siku ile ulikataa tonge la shangazi."

Neno moja lilitosha. Hapana. Ni neno jepesi, hata mgonjwa analiweza. Lakini Nyanda alikuwa ameona damu yake mwenyewe ikimtoka kama maji, alikuwa ameogopa kama hajawahi kuogopa, na katika ile hofu alimwona Shangazi Kabula, macho yake mekundu ya miaka ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, akakumbuka jinsi walivyopishana maneno mwaka jana juu ya malisho. Akawaza. Akanyamaza, akatazama maji ya dripu yakidondoka. Ngassa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Milembe hakumpa hata nafasi ya kuketi. "Kuku wa shangazi wameuawa wote," alimwambia. "Wamekatwa vichwa, vichwa vikapangwa mlangoni kwake."

"Nani?"

"Nani atasema? Kisimani wanawake wanasubiri achote aondoke ndipo wasogee. Kaka yako ameleta mganga, wamepiga ramli nyumbani kwake juzi, ikamtaja shangazi kuwa mchawi. Nyanda, ile sura ya mama wa ng'ambo ya mto umeisahau?"

Hakuisahau. Nani angeisahau? Mama yule naye alianza hivyohivyo, kwa kuku, kisha kwa kisima, halafu asubuhi moja mlango wake ukakutwa wazi na mapanga yamepita. Waliofanya hawakujulikana, ingawa kila mtu aliwajua. Nyanda akachukua fimbo, akajikongoja mpaka kwa kaka yake.

Ngassa alimpokea kwa furaha ya kweli, akamletea kiti chenye mto. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Nyanda akamweleza taratibu: vidonda, vijidudu, vidonge vya mgongo, masharti ya yule mwanamke wa stendi. Ngassa alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Vidonda vipo," akasema. "Mimi nimebisha? Daktari ameviona. Ninachouliza, vilitoka wapi?"

"Nimekuambia, vijidudu."

"Na hivyo vijidudu vimetumwa na nani? Kisima tunachota kimoja. Sufuria tulilelewa nayo moja. Mbona mimi sina?"

"Kaka, nilikataa ule ugali kwa sababu ya tumbo tu."

"Ugali wa mtama ndio uliokukuza, Nyanda. Leo uuogope bila sababu? Mwili wako ulijua." Machozi yakamlengalenga Ngassa. "Nilikubeba. Nilisikia damu yako ikinitiririka mgongoni. Sitakubali nikubebe tena namna ile."

Nyanda alitoka pale. Kila alichokieleza kilikuwa kweli, na kila kweli iligeuzwa ikamwangukia yule bibi. Kukataa kwake tonge moja kulikuwa kumesema zaidi ya kinywa chake. Na pale hospitali, alipotakiwa kusema, alikuwa amenyamaza. Aliona haya. Akaendelea kutembea, lakini hakushika njia ya nyumbani.

Kabula alikuwa anafunga mzigo. Nguo zake zilienea kwenye khanga moja. Binti yake aliolewa Zagayu, huko ndiko alikokuwa anakwenda.

"Mwangaluka, shangazi," Nyanda akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba." Hakugeuka. "Umekuja kuangalia kama bado nipo?"

"Usiondoke. Ukikimbia watasema umekiri, na Zagayu siyo mbali."

"Nikikaa je?"

Nyanda akaketi kizingitini, palepale palipokuwa pamefagiwa damu ya kuku na bado palikuwa na doa. Kabula akaacha kufunga. Akamtazama kwa yale macho yake ambayo watu walikuwa wameanza kuyaogopa.

"Na wewe uliamini?"

Angeweza kudanganya. "Niliwaza," akasema. "Kaka aliniuliza, nikanyamaza."

"Nilikutafunia nyama wakati huna meno."

"Najua."

"Mama yako alipokufa ulilala kifuani kwangu mpaka ukaanza shule. Halafu ukawaza."

"Niliwaza, shangazi. Nisamehe."

Bibi hakusema amemsamehe. Aliviringisha ncha ya khanga kidoleni, kisha akauliza kitu ambacho Nyanda hakukitarajia. "Siku hizi unakula nini?"

Akamtajia. Uji mlaini. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, wali mlaini, boga, samaki asiyekaangwa. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, asikae na njaa. Hakuna pilipili, hakuna kilichochacha. Kabula alisikiliza, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ikacheza.

"Hicho ni chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa," akasema. "Nimekipika maisha yangu yote. Wewe ulishindwa nini kuniambia, 'Shangazi, tumbo linaniuma, nipikie kingine'?"

Hapo Nyanda alilia. Alilia bila kujificha, mikono imeachia fimbo, kwa sababu swali lilikuwa dogo mno na lingemaliza kila kitu siku ileile. Alipotulia akajifuta uso kwa shati. "Njoo unipikie sasa," akasema. "Uhamie kwangu. Upike uani, kila mtu aone, nile kila mtu aone."

"Na ukifa?"

"Sitakufa."

"Hilo siyo lako kupanga, mwanangu. Ukifa na chakula changu tumboni, mimi sitafika jioni."

"Najua," Nyanda alisema. "Ndiyo maana dawa nitazimaliza."

Waliondoka mchana kweupe. Nyanda alijitwika chungu cha shangazi yake kichwani, mwanamume mzima na ndevu zake, na Kabula akamfuata na mzigo wa nguo. Walipita katikati, penye ghala la pamba ambapo wanaume walikuwa wanasubiri kupima mizigo yao. Mtu mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Nyanda akasimama.

"Kuanzia leo anayenipikia ni huyu," akasema kwa sauti iliyomtoka vizuri kuliko alivyotegemea.

Ngassa alikuwa amekaa juu ya robota la pamba. "Na ukizidiwa?"

"Nikizidiwa, nimezidiwa na ugonjwa wangu."

"Hilo tutaliona," Ngassa akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepokea ahadi, na wanaume wengine wawili watatu wakaitikia.

Basi yakaanza maisha mapya, na yalikuwa na kero zake. Milembe alinuna kunyang'anywa meko yake, halafu akanuna tena alipoambiwa boga lake lina maji mno, kisha akajikuta anamcheka mumewe pamoja na bibi kwa jinsi anavyopuliza uji. Nyanda alimeza dawa zake kwa saa, pamoja na uchungu wake wote. Alikula uani, kwenye kigoda, uso kuelekea njiani. Waliopita walipunguza mwendo. Wengine walisalimia ili wapate sababu ya kusimama. Na kila asubuhi Ngassa alikuja, akaegemea boma la ng'ombe, akatazama kijiko kinavyopanda na kushuka kwenye mdomo wa mdogo wake.

Kula kukawa kazi. Zamani Nyanda alikula kwa sababu ya njaa, baadaye akala kwa kuogopa maumivu. Sasa alikula kwa ajili ya shingo ya mtu mwingine. Hata kucheua alicheua kwa siri. Akipata usingizi mzuri alijitokeza mapema ili aonekane. Mashavu yakaanza kurudi, watu wakaanza kuzoea, na kisimani mwanamke mmoja akamsogezea Kabula ndoo. Nyanda aliposikia habari ya ile ndoo alifurahi kuliko siku aliyouza ng'ombe wake wa kwanza.

Ndipo asubuhi moja, uji ukiwa nusu bakuli, tumbo likakata.

Halikuuma polepole kama siku za nyuma. Lilikata kama mundu, toka chini ya kifua hadi mgongoni. Ngassa alikuwa palepale kwenye boma. Nyanda akachota kijiko kingine, akakipeleka mdomoni, akameza.

"Yule ndama wa baka," akamwambia kaka yake, "naona kwato zinamsumbua."

"Unatoka jasho," Ngassa akasema.

"Uji wa moto."

Akachota tena. Akauegemeza mkono gotini. Kabula alikuwa ameinama mekoni anachochea kuni, na hakuonekana kuwa anawatazama. Ngassa alipogeuka kwenda kumwangalia yule ndama, bibi akasogea haraka, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Limeuma."

"Kidogo tu."

"Wadanganye wao. Mimi usinidanganye. Choo cha leo kilikuwaje?"

Nyanda akatazama chini. "Cheusi."

"Basi hospitali."

"Shangazi, nikipanda pikipiki leo, na hawa wote wanaangalia..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja. "Litatulia. Nitangoja."

"Daktari alisema usingoje."

"Na wewe je?"

Kabula aliuangalia uji uliobaki, akaangalia njia, ambako watu wawili walikuwa wanakuja na majembe begani. Akaangalia mgongo wa Ngassa pale zizini. Kisha akajishika tumbo, akajitupa chini kwenye vumbi la ua, akalia kwa sauti iliyowashtua ng'ombe.

"Yalaa, mayu! Tumbo langu! Nakufa, jamani, tumbo langu!"

Milembe alitoka ndani mbio. Wale wa majembe wakasimama. Ngassa akaruka boma, akafika, akabaki amesimama juu ya yule bibi, mikono inaning'inia, hajui amshike wapi. Labda kichwani mwake alikuwa na maneno ya mganga, labda hakuwa nayo. Kabula akapiga yowe jingine, jembamba la kweli kabisa, na akamkamata mguu.

"Nimpeleke hospitali," Nyanda alisema. Alisema kwa meno yaliyobana, na yeyote aliyemsikia aliona ni uchungu wa kumwonea huruma shangazi yake. "Kaka, pikipiki."

Ngassa alimtazama bibi. Akamtazama mdogo wake. Halafu akakimbia kwake, na pikipiki ikanguruma.

Wakapanda watatu. Ngassa mbele, Nyanda katikati, Kabula nyuma, mikono yake imezunguka kiuno cha Nyanda na viganja vyake vimekaa juu ya tumbo lake. Njia ya Bariadi ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilimpasua Nyanda kwa ndani, naye aliuma midomo, hakutoa sauti. Kila alipokakamaa, Kabula alilia.

"Vumilia, shangazi," Ngassa akasema bila kugeuka. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya mtama. "Vumilia, tunafika."

Nyumba za pembeni mwa njia zilianza kutoa watu milangoni. Nyanda akafumba macho akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa kaka yake. Nyuma yake bibi akavuta pumzi, na walipoikaribia nyumba iliyofuata, akapaza sauti zaidi.